Feza mkononi ao feza ya simu: hesabu ya usiku kule Moba

KIRUNGU, Moba. Jua likizama, mitumbwi ya ndagala inapotoka na taa zake kuelekea katikati ya ziwa, mama mmoja wa miaka 34 anafunga biashara yake ya mikate ya mafuta kando ya barabara inayoshuka Moba-Port. Anahesabu franka alizopata, anazikunja ndani ya kitambaa, kitambaa anakifunga kiunoni chini ya kitenge. Kisha anapita kwa jirani yake wa chumba cha pili.

– Mdogo wangu, watoto wamekwisha kula. Utanisaidia kufunga mlango.

– Sawa, yaya. Utakawia?

– Nitakawia kadiri makuta yatakavyokawia.

Wanacheka wote wawili, halafu yaya anashika njia ya chini.

Katika kartye watu wanawaita ndumba. Wao wenyewe wanasema wanaenda kutafuta. Juu ya uzuri ao ubaya wa kazi hiyo mahubiri yanatosha kila siku ya Mungu, na wamama wa kisimani wanaongeza yao katikati ya juma. Habari hii inaangalia kitu kingine ambacho hakisemwi: feza yenyewe. Inalipwa namna gani, inapita kwa nani, inafika nyumbani ao inapotea njiani. Maana kwa mama huyu, na kwa wengine waliokimbia vita wakafika hapa mikono mitupu, shida kubwa si kumpata mwanaume wa kulipa. Shida ni kulipwa kweli.

Alitoka upande wa Nyunzu. Vita vya Watwa na Waluba vilipowaka tena mwaka 2016, kijiji chao kilichomwa. Mume alikimbilia porini na hakuonekana tena. Yeye alitembea na watoto wawili mpaka Kalemie, akaishi Katanika mwaka 2017, wakati wahami walikuwa wamejaa huko kwa makumi ya maelfu, chini ya vibanda vya majani. Baadaye mama mmoja mfanyabiashara wa unga alimpandisha katika mashua, akashuka Moba. Leo anapanga chumba kimoja katika lupango lenye vyumba vinne. Mtoto wake mkubwa yuko sekondari, na sekondari si bure: ile elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inaishia shule ya msingi. Hesabu zake zote zinaanzia kwenye feza ya masomo ya mtoto huyo.

Katika nchi za mbali swali la malipo linaulizwa kwa namna nyingine. Huko Ulaya na Marekani biashara hii ina mashirika yenye namba ya simu, picha na bei, na mteja anaulizwa kama atalipa kwa kadi ya benki ao kwa feza taslimu. Wanaume wengi wanaikimbia kadi. Mwisho wa mwezi karatasi ya benki inaonyesha tarehe na jina la aliyelipwa, na bibi anaweza kuisoma kabla ya bwana. Mwanamke naye ana sababu yake ya kuiogopa: mwenye kadi anaweza kuiandikia benki kwamba malipo yale hakuyakubali, benki ikaanza kumrudishia, wakati kazi imekwisha kufanywa na hairudishwi. Tena nyuma ya kadi yuko mtu wa tatu, mwenye nguvu kuliko wote wawili. Mwezi wa saba mwaka 2015, Visa na Mastercard zilikataa kupitisha malipo ya matangazo kwenye Backpage, baada ya barua ya sherifu wa Cook County, kule Chicago. Hakimu hakuwa ameamua kitu. Kampuni mbili zilifunga mlango tu, na wanawake waliokuwa wakitangaza huko wakabaki kutafuta njia nyingine. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ikaifunga Backpage yenyewe.

Ubelgiji ilichukua njia tofauti. Ni nchi ile ile ambayo mtoto wake wa kifalme, Baudouin, ndiye aliyefanya Kirungu iitwe Baudouinville enzi za wakoloni. Kabla ya mwaka 2022, benki ao mhasibu wa huko aliyemsaidia mwanamke wa kazi hii kutunza mapato yake aliweza kuhesabiwa kuwa kuwadi. Mwaka huo sheria ilibadilishwa. Tangu tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2024, mwanamke anaweza hata kufanya kazi hiyo kwa mkataba, na likizo ya uzazi ndani yake. Yaya aliposimuliwa hilo hakushangaa likizo wala mkataba. Aliuliza kitu kimoja tu: mteja akikataa kulipa, ni nani anamfuata?

Kirungu hakuna mtu anayetoa kadi ya benki mfukoni kulipa kitu, hata chupa ya bia. Katika sehemu zisizo na benki, hata mishahara ya walimu ilibidi ipitishwe mikononi mwa Caritas. Kinachoshindana na noti hapa ni simu. Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, Vodacom ikaileta Congo mwishoni mwa 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo zikaenea. Leo penye mwavuli, meza na kijana mwenye simu tatu, hapo ni kabini: unaweka feza, unatoa feza, unanunua mayunite. Kwa hiyo swali la Chicago limefika hadi Moba-Port, ila limevaa nguo zingine.

Miaka ya kwanza yaya alipokea noti tu. Noti ina uzuri wake: ukiishika, umeishika. Hakuna wa kuipigia simu kesho yake kuirudisha. Haina jina. Haihitaji umeme wala resho, na haihitaji ujue kusoma. Lakini kila anayeishi Congo anajua tabia ya noti zetu. Franka mia tano iliyochakaa mpaka imelainika kama kitambaa inapokelewa sokoni bila neno. Dola kumi yenye mpasuko wa upana wa ukucha inarudishwa. Dola ya miaka ya zamani inarudishwa. Dola moja, hata ikiwa mpya, wengi hawaitaki. Mwanaume anayekataliwa noti yake dukani mchana haitupi. Anaikunja vizuri na kungoja giza.

Hivyo yaya alijifunza kutembea na toshi ndogo. Anaiwasha juu ya noti kabla ya kitu kingine chochote, anapitisha kidole pembeni kote, kama mama anayetafuta mawe ndani ya mchele. Wengine wanakasirika. Siku moja aliona aibu kuiwasha, kwa sababu mteja alikuwa mtu mzima mwenye heshima, amevaa viatu safi, na anamwita "mama yangu". Asubuhi ile dola kumi ilikuwa na mpasuko, umeunganishwa kwa gundi. Mbadilisha feza aliichukua kwa bei ya dola sita. Yaya anasema mpaka leo anamsalimia yule papa barabarani, naye anaitika vizuri sana.

Kuna pia ugonjwa wa franka yenyewe. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,800. Anayeweka akiba ya franka ndani ya debe chini ya kitanda anaona debe limejaa, lakini akilipeleka sokoni halinunui kile alichokuwa amepanga. Na debe linaonekana. Chumba cha kupanga kina mlango wa mbao na kufuli ya Kichina, na watoto wa jirani wanajua kila kitu kilicho ndani.

Halafu kuna njia ya kupanda. Usiku mmoja vijana wawili walimsimamisha kwenye giza, mmoja na kisu. Hawakumpiga. Walimwambia tu: "Tunajua unatoka wapi, toa." Alitoa kitambaa chote, pamoja na feza ya mikate, ambayo ilikuwa mtaji wa unga na mafuta wa siku inayofuata. Asubuhi alikwenda kushitaki. Askari aliyempokea alitaka kwanza feza ya karatasi, kisha akauliza alikuwa akifanya nini barabarani saa ile. Yaya alirudi nyumbani. Yafaa isemwe hapa, maana wengi hawajui na wanaowatoza barabarani wanafurahi wasipojua: sheria ya Congo haimwadhibu mtu mzima kwa sababu tu ya kujiuza mwenyewe. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inawafuata makuwadi, wanaolazimisha wengine, na wanaoingiza watoto wasiotimiza miaka 18 katika biashara hiyo. Mwanamke aliyeibiwa ni mtu aliyeibiwa.

Baada ya usiku ule alisema basi, sasa simu.

Wa kwanza kumlipa kwa simu alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akingoja mashua ya Kalemie. Alisema hana makuta mkononi, atatuma. Alibonyeza, akasubiri, akamwonyesha kioo. Ujumbe ulikuwa wa Kifaransa, lakini tarakimu hazina lugha: 30,000. Yaya alizisoma na kushukuru. Asubuhi kwenye kabini, papa wa kabini alitazama, akatazama tena.

– Mama, hapa kuna franka 150.

– Lakini nimeuona ujumbe.

– Uliuona kwenye simu yake, ao kwenye simu yako?

Ujumbe ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa feza aliyomtumia mtu mwingine siku zilizopita. Namba mbili za mwisho hazikuwa za yaya. Mwenye kusoma vizuri naye angedanganyika, usiku, na mtu ameshika simu yake mwenyewe akiitikisa. Mashua ya Kalemie ilikuwa imekwisha kuondoka.

Papa wa kabini ni mtu mwema, na maneno aliyomwambia siku ile yamesaidia wengi katika lupango. Ujumbe wa mteja si feza. Feza imefika wakati ujumbe umeingia katika simu yako wewe, kutoka kwa kampuni na si kutoka kwa namba ya mtu, na wakati umeuliza salio ukaona limepanda. Mtu akikupigia kusema amekosea namba, umrudishie, usirudishe kitu kabla ya kuangalia salio. Namba yako ya siri humpi mtu, hata anayesema yuko ofisini kwa kampuni, hata papa wa kabini mwenyewe.

Lakini papa alipomwambia afungue akaunti kwa jina lake, mambo yalikwama. Kadi ya mchaguzi, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho pekee, ya yaya iliungua pamoja na nyumba. Laini aliyokuwa nayo aliinunua barabarani, imekwisha kuandikishwa kwa jina la mtu asiyemjua. Akisahau namba ya siri, ao laini ikifungwa, hakuna mahali pa kwenda kudai: feza ni ya yule asiyemjua. Familia nyingi za wahami zina simu kama hizo, zinazoita vizuri na kupokea vizuri, mpaka siku ya shida.

Wakapatana hivi: wateja watume kwa namba ya papa wa kabini. Yeye anaandika katika daftari, asubuhi anampa noti, baada ya kukata kidogo. Kwa miezi kadhaa ilikwenda vizuri. Yaya alianza hata kuacha feza kwa papa, mpaka daftari likasoma zaidi ya dola arobaini. Hakuwahi kuwa na dola arobaini mahali pamoja tangu Nyunzu.

Kisha papa wa kabini alifiwa. Alikwenda Kalemie kwenye matanga, na simu zake tatu zikaenda naye. Matanga yalichukua siku tisa. Siku ya nne, mtoto mdogo wa yaya alianza kulia kwa tumbo, mchana akalia, usiku akaacha kulia, na ndipo yaya akaogopa zaidi. Alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Muuguzi alimgusa mtoto, akamwita daktari. Daktari alisema apasuliwe usiku ule. Karani alisema ilipwe kwanza sehemu ya feza.

Yaya alikuwa na franka elfu kumi na mbili katika kitambaa. Alipiga simu ya papa: imezimwa. Alipiga tena, alipiga mara ngapi hakumbuki. Ndipo akampigia jirani.

Jirani huyo ana miaka 26. Si mhami, amezaliwa upande wa Kalemie, na kadi ya mchaguzi anayo. Yeye ni mtu wa simu toka mwanzo. Akaunti yake ina jina lake, na ana sehemu mbili ndani yake, moja ya franka na moja ya dola. Anapenda kusema kwamba dola ya simu haipasuki. Ni kweli, ingawa siku ya kuitoa kabini inaweza kukuambia haina dola, chukua franka, kwa hesabu ya mwenye kabini. Usiku ule hakukuwa na kabini yoyote wazi wala hakukuwa na haja nayo. Alituma dola 45 moja kwa moja kwenye simu ya hospitali, akiwa amekaa kitandani na mtoto mkubwa wa yaya amelala pembeni. Ujumbe uliingia, karani alitazama salio lake, akapiga muhuri. Mtoto alipasuliwa. Ana alama ya kushonwa upande wa kulia wa tumbo, na anaionyesha kwa kila mtu hata asipoulizwa.

Baada ya hapo mtu angedhani yaya ameshawishika kabisa. Kuna jambo moja lilitokea.

Mwenye kutumia feza ya simu anajua kwamba kabla ya kuthibitisha, jina la anayetumiwa linatokea. Faida yake ni kwamba hutumi kwa mtu mwingine kwa makosa. Kwa mdogo huyu, kila aliyemlipa aliona jina lake lote, lile la ubatizo na lile la baba yake. Usiku majina hayo hayatumiki. Kule chini anaitwa jina lingine kabisa, fupi. Mwanaume mmoja wa kutoka kwao alilisoma jina kwenye kioo, akanyamaza, akalipa, akaenda. Wiki haikuisha, baba mdogo wake akapiga simu toka Kalemie. Hakugombana. Aliuliza: "Nasikia uko Moba unafanya kazi. Kazi gani?" Mdogo akajibu kwamba anauza mikate ya mafuta. Baba mdogo akasema vizuri, atakuja siku moja kuila.

Kwa hiyo sasa mdogo akisikia mteja anaongea lugha ya kwao, anadai noti. Na yaya, ambaye jina lake halijatokea kwenye kioo chochote, ndiye anayempikia mikate mingi zaidi asubuhi, ili siku ile ikifika kuwe na kitu cha kuonyesha.

Kuna malipo ya namna ya tatu, na kwa familia za wahami ndiyo mabaya kuliko yote. Huko kambini neno kadi halina maana ya benki. Ni ile karatasi ya kupokelea unga, mafuta ao feza ya msaada, yenye namba na jina la mkubwa wa familia. Wapo wanaume walioligeuza jina kuandikwa kwenye orodha kuwa bei. Jambo hili si la kusingiziwa. Sheria ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inawakataza wafanyakazi wake kutoa feza, kazi ao vitu kwa kubadilishana na mwili wa mtu, pamoja na msaada ambao mtu anastahili kuupata. Mwaka 2005 ripoti ya Mwanamfalme Zeid wa Yordani ilieleza juu ya walinda amani wa MONUC katika Congo: wengine walilipa dola moja mpaka tatu, wengine chakula. Na ugonjwa wa Ebola ulipokuwa upande wa Beni, kati ya 2018 na 2020, malipo yalikuwa kazi: mwanamke aliahidiwa kuandikwa kazini. Tume huru iliyotoa ripoti mwezi wa tisa 2021 ilihesabu washitakiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani.

Msaada hauna bei. Mwenye orodha anayeomba kitu, cha mfukoni ao cha mwilini, anavunja sheria ya shirika lake, na mama aliyeombwa hana kosa, hata kama alikubali kwa njaa.

Yaya anakumbuka mwanaume wa namna hiyo, katika sehemu mojawapo alizopita. Alikuwa na kalamu mbili, nyekundu na ya buluu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya kwanza, na yule mwanaume alimwambia linaweza kuwekwa. Yaya hasemi alimjibu nini. Anasema tu kwamba kwenye orodha ya pili lilikuwapo. Na anasema kwamba tangu siku ile, mwanaume akimlipa noti, hata chafu, hata ndogo, anajua angalau kwamba wamemalizana, na kesho hana cha kumdai.

Papa wa kabini aliporudi toka matanga alikuta habari ya mtoto. Alilipa dola zote za kwenye daftari siku ileile, akaomba msamaha mara nyingi, akaleta na mkungu wa ndizi. Deni la jirani likalipwa karibu lote. Lakini papa mwenyewe alisema hataki tena kubeba feza ya mtu. Akifa yeye, daftari litabaki kwa wanawe, na wanawe hawajui hesabu zake. Alimshauri yaya atafute karatasi ya kupotelewa, aombe kadi nyingine ya mchaguzi, kisha afungue akaunti yake. Alijitolea kumwandikia barua.

Siku ya posho yaya alikwenda kwenye mwavuli na picha mbili ndogo na feza ya karatasi, imekunjwa ndani ya kitambaa. Papa alichukua kalamu, akauliza jina la kuandika. Yaya akataja moja. Papa akasema hapana, mama, yote, kama yalivyokuwa kwenye kadi ya kwanza.

– Na ndiyo hayo yatakayoonekana kwa simu ya mtu akinitumia?

– Ndiyo hayo.

– Yote?

– Yote, mama.

Yaya alitazama barabara kidogo. Motari alipita na magunia mawili ya mkaa. Kisha alichukua picha zake, akazirudisha kwenye kitambaa, akamwambia papa aandike barua lakini mahali pa jina apaache wazi mpaka wiki inayokuja. Feza ya karatasi aliiacha pale mezani, ili isitumike kwa kitu kingine.